UZI: Machi 2022 majirani walinunua, Chiefs wakauza. Tuuongelee ukomo wa mishahara wa NFL

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ukiisha, humu ndani swali linarudi lile lile: timu ina kikombe, ina mashabiki, ina tajiri, sasa kwa nini inamwachia nyota wake aende? Nimejibu vipande vipande kwenye nyuzi za wengine mpaka nimeona bora nifungue wangu, tuimalize hii habari mahali pamoja.

Sisi tuliokulia Simba na Yanga tunajua dirisha la usajili ni vita ya mifuko. Mwenye mzigo mkubwa anaweka mezani, mchezaji anapiga picha na jezi, kesho yuko mazoezini. NFL mfuko wa tajiri haufiki huko. Tangu 1994 kuna ukomo wa mishahara, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho timu inaruhusiwa kuandika kwenye vitabu kwa wachezaji wake wa mwaka huo. Timu zote 32 kiasi ni kimoja. Dallas ya bilionea na Green Bay inayomilikiwa na mashabiki wenye hisa wanaanza na namba ile ile. Mwaka wa kwanza ilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2022 ilikuwa milioni 208.2, na 2025 ikafika milioni 279.2. Inapanda kwa sababu inakatwa kutoka mapato ya ligi yenyewe, hasa haki za televisheni.

Sasa nawapeleka Machi 2022, kundi la AFC Magharibi. Humo kuna timu nne: Kansas City Chiefs, Denver Broncos, Las Vegas Raiders na Los Angeles Chargers. Chiefs walikuwa wamelitawala kundi hilo miaka sita mfululizo, na majirani wakaamua imetosha. Broncos wakamchukua Russell Wilson, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira) mwenye pete ya Super Bowl, fainali ya ligi, kutoka Seattle. Chargers wakamleta Khalil Mack, mkamataji wa makwotabeki, kutoka Chicago. Raiders wakamchukua Davante Adams, ambaye wakati huo wengi tulimhesabu mdakaji bora kuliko wote, kutoka Green Bay. Yote hayo ndani ya siku kumi hivi.

Chiefs wakajibu kwa kumuuza mdakaji wao Tyreek Hill. Mtu mwenye kasi kuliko yeyote uwanjani, tegemeo la kwotabeki wao Patrick Mahomes, akaenda Miami kwa machaguo matano ya drafti, yaani zamu za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi. Nakumbuka niliisoma ile habari kwenye simu nikiwa kwenye daladala la Mbagala, nikairudia mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya.

Msimu ulivyoisha: Chargers walishinda mechi 10, Raiders 6, Broncos 5. Chiefs 14, na Februari 2023 wakanyanyua kikombe.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga ajue pa kushika. Kazi kubwa ya meneja mkuu wakati wa mapumziko ni kuachana na mchezaji mwaka mmoja kabla hajalazimika. Kununua kila mtu anaweza. Nitaeleza kwa hesabu, naomba mnivumilie.

#2

Mkuu, mimi hapo kwenye ukomo ndipo ninapopotea kila siku. Wanasema timu imevuka ukomo kwa milioni 30, wiki inayofuata inasajili mtu wa milioni 80. Hizo pesa zinatoka wapi?

#3 (mleta uzi)

Swali zuri mkuu, na ndiyo msingi wa yote.

Pesa anayolipwa mchezaji na pesa inayoandikwa kwenye ukomo ni vitu viwili. Mshahara wa mwaka unaandikwa mwaka huo huo. Lakini pesa ya kusaini, ile anayopewa mkononi siku ya mkataba, vitabu vinaruhusu kuigawa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Ukimpa mtu milioni 50 leo kwa mkataba wa miaka mitano, yeye kashaondoka nazo, ila kwenye ukomo unaandika 10, 10, 10, 10, 10.

Mfano wa kweli. Machi 2021 Chiefs walikuwa wamebanwa. Corona ilikuwa imefunga viwanja, mapato yakashuka, na ukomo ukashuka kutoka milioni 198.2 hadi 182.5. Mahomes alikuwa anadai bonasi ya milioni 21.7 mwaka ule. Wakakaa naye, wakaigeuza ile bonasi kuwa pesa ya kusaini na kuigawa kwa miaka mitano, kama milioni 4.3 kila mwaka. Mahomes hakupoteza hata senti. Vitabuni ikapatikana nafasi ya zaidi ya milioni 17 kwa karatasi moja. Ndiyo maana unaona timu "haina pesa" Jumatatu na inasajili Jumatano.

Ila ile milioni 17 haikufutika. Imehamia miaka ya mbele na itakuja kudaiwa.

Chukua mfano wa pikipiki ya mkopo. Umeitoa dukani leo, unaiendesha leo, marejesho unapeleka kila mwezi. Ikiibiwa mwezi wa tatu, au ukigonga mti, marejesho hayasimami. Unaendelea kulipia kitu ambacho hukikalii tena. Kwenye NFL hiyo ndiyo pesa mfu, na ina ukali wake: mchezaji akiondoka, marejesho yote yaliyobaki yanadaiwa kwa mpigo. Kuna nafuu moja. Mkiachana naye baada ya tarehe 1 Juni, au mkimwachia mapema kwa utaratibu wa kuhesabiwa kama wa baada ya tarehe hiyo, deni linakatwa vipande viwili, cha mwaka huu na cha mwaka ujao.

Kwa hiyo mtu akikwambia ukomo ni uongo, kwamba timu zinaweza kusajili zinavyotaka, mwambie ana nusu ya ukweli. Unaweza kusogeza deni. Swali ni kama ile pikipiki itakuwa bado inatembea siku deni likifika. Kwa Mahomes, aliyesaini 2020 mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya milioni 450, ukisogeza deni unasogeza kwa mtu ambaye una uhakika atakuwepo. Kwa mdakaji wa miaka 28 anayeishi kwa kasi ya miguu, sina uhakika huo.

#4

Salamu kutoka Nairobi. Huu mchezo huku tuliuanza kufuatilia kwa ajili ya Daniel Adongo, kijana wetu wa raga aliyechukuliwa na Indianapolis Colts 2013. Kaka, endelea na Chiefs. Mimi bado naona kumuuza Hill ilikuwa tamaa ya kubana matumizi.

#5 (mleta uzi)

Karibu sana kaka. Adongo tulimshangilia hata huku kwetu.

Ili uelewe Hill inabidi turudi nyuma mwaka mmoja, mpaka usiku wa Super Bowl ya Februari 2021, Chiefs na Tampa Bay. Huku kwetu mechi huanza saa nane na nusu usiku. Nilikuwa nimejifungia chumbani, simu imeegemea chupa ya maji, mwanga nimeupunguza mama watoto asiamke. Chiefs walipigwa 31 kwa 9. Matokeo niliyasahau haraka. Picha ya Mahomes ndiyo haikunitoka: anakimbia kurudi nyuma, kushoto, kulia, kila anapotaka kutupa kuna mtu usoni. Waliopima mwendo wake walisema alikimbia jumla ya yadi 497 kabla ya kuachia mpira au kuangushwa. Karibu nusu kilomita, mtu anakimbia kuokoa roho yake ndani ya mechi moja. Walinzi wake wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wote walikuwa majeruhi, mmoja kisigino, mwingine mgongo.

Asubuhi yake nilifungua daftari langu la hesabu, lile la mistari ya miraba, nikaandika juu ya ukurasa "Ukuta", yaani ile safu ya watu watano wanaomkinga kwotabeki. Tangu hapo kila mwaka nina ukurasa wangu.

Fisher alikuwa chaguo namba moja la drafti ya 2013. Schwartz alikuwa miongoni mwa bora kabisa wa nafasi yake. Meneja mkuu Brett Veach aliwaachia wote wawili siku moja, Machi 2021. Mashabiki walipiga kelele. Kisha ndani ya wiki saba hivi alijenga ukuta mzima upya. Joe Thuney kutoka New England, miaka mitano, milioni 80. Orlando Brown kutoka Baltimore kwa kubadilishana machaguo. Kwenye drafti raundi ya pili wakamchukua Creed Humphrey, na raundi ya sita, namba 226, wakamchukua Trey Smith, kijana ambaye timu nyingi zilimkwepa kwa sababu aliwahi kupata damu iliyoganda kwenye mapafu. Smith na Humphrey walianza kila mechi msimu wao wa kwanza.

Angalia muundo wake. Mmoja analipwa kama mfalme (Thuney), mmoja kanunuliwa kwa machaguo na bado yuko kwenye mkataba wa bei ndogo (Brown), wawili wa drafti wanaolipwa kidogo kwa miaka minne. Ukuta wa watu watano, na mzigo mkubwa wa ukomo umebebwa na mmoja. Na katika ile biashara ya Brown, Baltimore waliwarudishia Chiefs chaguo la 58. Chaguo hilo likawa Nick Bolton. Likumbukeni hilo jina.

Sasa 2022. Hill amebakiza mwaka mmoja, anataka mkataba mpya. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda, mpaka Raiders walipompa Davante Adams miaka mitano ya milioni 140. Siku ile bei ya wadakaji nchi nzima ilibadilika. Miami wakampa Hill nyongeza ya miaka minne, milioni 120. Veach angeweza kulingana nao. Angeisogeza pesa mbele kama alivyofanya kwa Mahomes, na Hill angebaki. Ukurasa wangu wa mwaka ule nilijaribu hesabu hiyo. 2022 inakaa vizuri. 2023 inakaa kwa kujibana. 2024 inabidi umwachie ama Thuney, ama umkose Chris Jones, yule wa katikati wa ulinzi ambaye akitolewa hakuna ulinzi. Kila nilivyoipanga, alikuwepo mtu mwingine wa kumlipia Hill.

#6

Mleta uzi, niruhusu nikupinge kwa namba maana wewe ni mtu wa namba. Hill akiwa Miami alipata yadi 1,710 mwaka 2022. 2023 akapata 1,799, akaongoza ligi nzima. Hakushuka. Huku Kansas City 2023 wadakaji walikuwa wanadondosha mipira mpaka tunaziba macho. Kumuuza "mwaka mmoja kabla" iko wapi hapo? Waliuza dhahabu ikiwa dhahabu.

#7 (mleta uzi)

Mkuu, namba zako ni sahihi na sizikimbii. Hill alibaki dhahabu miaka miwili mizima, na msimu wa 2023 nilizima simu mara moja au mbili kwa hasira ya ile mipira ya kudondoshwa.

Lakini ungemuuza lini ungepata machaguo matano? Ukisubiri ashuke, mnunuzi naye ana macho. Bei ya raundi ya kwanza, ya pili na ya nne mwaka huo huo, kisha ya nne na ya sita mwaka unaofuata, inalipwa kwa mtu ambaye bado anawaka. Hapo ndipo maumivu yenyewe yalipo. Kuuza vizuri kunakuonyesha yule uliyemuuza aking'ara kwa wenzako.

Sasa twende tuone yale machaguo yaligeuka nini. Lile la 29 na la 121, pamoja na la kwao la 94, waliyapeleka New England kupanda mpaka la 21, wakamchukua Trent McDuffie, beki wa pembeni. Mwaka 2023 McDuffie alichaguliwa kikosi cha kwanza cha bora wa ligi. La 50 walishuka nalo kidogo mpaka la 54 na kumchukua Skyy Moore. Huyo hakuwa alichotarajiwa, nakubali. Drafti ni hivyo, mengine yanaoza mkononi. Dawa yake ni kuwa na machaguo mengi, na mwaka ule Chiefs walikuwa nayo tele. Karlaftis namba 30, Bryan Cook, Leo Chenal, na raundi ya mwisho, namba 251, mkimbiaji anaitwa Isiah Pacheco.

Nafasi ya Hill waliijaza kwa watu wa bei ya kati. JuJu Smith-Schuster mwaka mmoja, Marquez Valdes-Scantling miaka mitatu ya milioni 30. Na wakati huo huo walimwachia Tyrann Mathieu, moyo wa ulinzi wao, aliyekuwa anakaribia miaka 30, wakamsajili Justin Reid wa miaka 25. Hakuna aliyepiga makofi siku hizo.

Kisha ikaja Super Bowl ya Februari 2023 dhidi ya Philadelphia Eagles. Eagles walikuwa wameangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Usiku ule hawakumwangusha Mahomes hata mara moja. Sifuri. Na alikuwa anachechemea, kifundo cha mguu kimeumia. Nilikuwa chumba kile kile, saa ile ile, na safari hii mama watoto aliamka kwa sababu nilipiga kelele Bolton alipookota mpira ulioanguka na kukimbia nao yadi 36 mpaka mwisho. Chaguo la 58, lile la kwenye biashara ya Brown. Pacheco alikimbia yadi 76 na kufunga. Moore, huyo huyo niliyesema alioza, alidaka tachidauni (bao) yake ya kwanza kabisa. 38 kwa 35.

#8

Hapo kwenye sifuri nimesimama kwanza. Sikuwahi kuiunganisha na ile ya Tampa. Sasa tupe Broncos mkuu, maana mimi ni wa Denver tangu enzi za kwotabeki Peyton Manning na nina donge.

#9 (mleta uzi)

Pole mkuu. Nitaieleza taratibu, na si kwa kuwacheka. Broncos walifanya kosa ambalo watu wengi wenye akili tulilisifia siku lilipofanyika. Humu humu kuna uzi wa Machi 2022 unaosema AFC Magharibi imepata mfalme mpya, na mimi nimechangia nikikubali.

Kumpata Wilson walitoa wachezaji watatu, machaguo mawili ya raundi ya kwanza, mawili ya raundi ya pili na moja la raundi ya tano. Seattle kwa machaguo yale ya kwanza wakapata Charles Cross, namba 9, na mwaka uliofuata Devon Witherspoon, namba 5. Hilo peke yake linauma ila linavumilika. Ukipata kwotabeki wa kweli, hakuna bei.

Kosa lililowazika lilikuja Septemba 1, 2022. Wilson alikuwa na miaka miwili kwenye mkataba wake. Hajawachezea mechi hata moja. Wakamwongezea miaka mitano kwa takriban milioni 245. Hapakuwa na aliyekuwa anawafukuza. Wangesubiri mechi saba tu wangeona. Mtu anayenunua pikipiki mtaani huiwasha kwanza, aisikilize injini, aizungushe mpaka kona na kurudi. Wao walisaini mkopo wa miaka saba injini haijawashwa.

Msimu wa kwanza, ushindi 5. Siku ya Krismasi wakapigwa 51 kwa 14 na Rams, kesho yake kocha akafukuzwa. Wakamtafuta kocha Sean Payton, na yeye pia kwa machaguo, maana alikuwa bado wa New Orleans. 2023 wakafikisha ushindi 8, na mechi mbili za mwisho Wilson akawekwa benchi. Benchi ile haikuwa ya kiufundi peke yake. Kulikuwa na dhamana ya milioni 37 ya mwaka 2025 iliyokuwa inakaribia kujifunga, na akiumia nayo imewaganda.

Machi 2024 wakamwachia. Yale marejesho yote pamoja na dhamana yalifika milioni 85. Wakayakata vipande viwili: milioni 53 mwaka 2024, milioni 32 mwaka 2025. Mpaka wakati huo hakukuwa na pesa mfu kubwa kama hiyo kwa mchezaji mmoja katika historia ya ligi. Ukomo wa 2024 ulikuwa milioni 255.4. Toa 53, Broncos walikwenda vitani na milioni 202 wakati wenzao wana 255. Na Wilson alipohamia Pittsburgh alisaini kwa kima cha chini, milioni 1.21, kwa sababu Denver ndio waliokuwa wanamlipa. Milioni 37 na ushee kwa mtu aliyevaa jezi ya timu nyingine.

#10

Na bado 2024 tuliingia mtoano! Mara ya kwanza tangu tulipochukua kikombe msimu wa 2015. Hiyo nayo ieleze.

#11 (mleta uzi)

Naieleza kwa furaha mkuu, maana hapo Broncos walitufundisha.

Walikubali maumivu yote mapema. Wangeweza kumvumilia Wilson mwaka mwingine kwa kuogopa ile 85, na deni lingezidi kuota mizizi. Wakalimeza, na kwenye drafti ya 2024, chaguo la 12, wakamchukua kwotabeki Bo Nix. Mkataba wake wote wa miaka minne ni kama milioni 18.6. Jumla ya miaka minne, wakuu, si mwaka mmoja. Kwotabeki mkubwa anakula milioni 40 au 50 kwa mwaka. Kwa hiyo ukijumlisha Nix na ile milioni 53 ya Wilson, nafasi ya kwotabeki kwao ilikuwa inagharimu zaidi kidogo tu kuliko ya timu yenye nyota. Ulinzi ukabaki, beki Pat Surtain akaongezewa mkataba Septemba 2024, Nix akatupa tachidauni 29, wakashinda mechi 10.

Bei hiyo ndogo ya vijana haikuwepo zamani. Mwaka 2010 chaguo la kwanza, Sam Bradford, alipewa miaka sita ya milioni 78 kabla hajacheza. Mwaka uliofuata mkataba mpya wa ligi na chama cha wachezaji ukaweka ngazi ya malipo ya drafti, na Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akapata miaka minne ya milioni 22. Tangu siku hiyo kijana mzuri wa drafti ni mali kuliko mchezaji mwingine yeyote, kwa sababu pengo kati ya kazi anayofanya na anacholipwa ndilo unalotumia kuwalipa wengine wote.

#12

Dada yenu hapa kutoka Dodoma, msomaji wa kimya. Mimi nataka vitendo. Tuseme leo ni Januari na mimi ndiye meneja mkuu. Naanzia wapi?

#13 (mleta uzi)

Dada, karibu, na asante kwa kuvunja ukimya. Nitakwambia ninavyofanya mimi kwenye daftari, kwa timu yoyote.

Naanza na mwaka wa tatu kutoka sasa. Nauliza, mwaka ule ni nani watano lazima wawepo? Naandika majina yao na bei ninayodhani watakuwa wanadai. Nikishawaweka hao, ndipo narudi mwaka huu. Watu wengi wanaanza na shimo la leo, "hatuna mdakaji, tutafute mdakaji", halafu mwaka wa tatu wanajikuta wanamuaga mtu ambaye hawakuwa na nia ya kumuaga.

Kisha nachora mstari chini ya kila mchezaji atakayefikisha miaka 29 au 30 akiwa na pesa nyingi iliyosogezwa. Huyo simgusi mkataba wake tena, hata kama nikimpanga upya nitapata milioni 10 kesho asubuhi. Nafasi ya kusogeza nawawekea vijana wangu wa uhakika.

Kuhusu mikataba inayoisha: nani nina mbadala wake tayari kikosini? Huyo namwachia aende akatafute riziki, namshukuru. Nani sina mbadala wake? Huyo naongea naye mapema, msimu mmoja kabla, soko halijampandisha bei. Ukishindwana naye kuna tegi, ambayo inamfunga kwa mwaka mmoja kwa bei iliyopangwa na ligi. Chiefs walimfunga Orlando Brown hivyo 2022, milioni 16.6, akawatumikia mwaka wa kikombe, 2023 akaenda Cincinnati. Tegi ni ghali na inaingia yote kwenye mwaka huo, hakuna kusogeza, kwa hiyo isiwe mazoea.

Jambo moja dogo linalowachanganya wengi: kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Septemba, kwenye ukomo wanahesabiwa 51 wa bei ya juu tu, hata timu ikiwa na watu 90. Usishtuke ukiona timu inasajili vijana kumi kwa siku moja huku ikisema haina nafasi. Na nafasi usiyoitumia haipotei, inahamishiwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo kubakiza siyo uoga.

Siku za kwanza za soko, katikati ya Machi, mimi ningekaa mikono nyuma. Bei za siku zile mbili tatu zinapangwa na timu zenye hofu. Chargers mwaka ule ule wa 2022 walimpa beki J.C. Jackson miaka mitano ya milioni 82.5. Oktoba 2023 wakamrudisha alikotoka, New England.

#14

Nimekuelewa mkuu, ila sheria yako ya "mwaka mmoja kabla" ina hatari. Ukiuza kila mtu mapema, nani atabaki kukufundishia vijana? Na Chiefs wenyewe Februari 2025 wamepigwa 40 kwa 22 na Eagles wale wale.

#15 (mleta uzi)

Hatari ipo, na ile ya Februari 2025 ndiyo ushahidi wake. Mahomes aliangushwa mara sita. Kwa nini? Kwa sababu upande wa kushoto nje kabisa hawakuwa na mtu wa kuaminika tangu Brown aondoke. Msimu ukienda mwishoni wakamchukua Thuney, mlinzi wa ndani, wakamhamishia pembeni, mahali ambapo si pake. Aliuokoa msimu, ila kwenye fainali lile pengo lilionekana. Nilipofungua daftari asubuhi nikakuta nimeandika neno lile lile la 2021 juu ya ukurasa. Ukuta.

Hapo Veach aliachia mtu bila kuwa na mbadala, nami namlaumu kwa hilo. Kuuza mapema kunakupa haki ya kuuza, hakukupunguzii wajibu wa kujaza.

Alichofanya Machi ile 2025 nimekiangalia sana. Trey Smith, yule namba 226, mkataba wake wa kijana ulikuwa umeisha. Wakampiga tegi ya milioni 23.4. Thuney alikuwa na miaka 32 na mwaka mmoja umebaki, bado bora wa nafasi yake. Kuwalipa wote wawili pamoja na Humphrey, aliyekwisha kuongezewa miaka minne ya milioni 72, haikuwezekana. Wakampeleka Thuney Chicago kwa chaguo moja tu la raundi ya nne. Aprili, kwa chaguo la 32, wakamchukua Josh Simmons, wa pembeni kushoto, kijana aliyekuwa anauguza goti. Julai Smith akasaini miaka minne, milioni 94.

Mwaka 2021 Thuney ndiye aliyelipwa kama mfalme na Smith akawa wa bei ya chini kabisa. Miaka minne baadaye wamebadilishana viti, na aliyekaa pembeni kushoto ni kijana tena. Kuhusu chaguo moja la raundi ya nne kwa mtu kama Thuney, hapo nitabishana na yeyote atakayesema bei ilikuwa nzuri. Angeuzwa Machi 2024, akiwa na pete ya nne mkononi na miaka miwili kwenye mkataba, wangepata zaidi.

Nitarudi kesho jioni nikitoka kazini. Aliye na timu yake anayotaka tuipigie hesabu, aweke hapa majina matano ya mwaka wa tatu, tuanzie hapo.